Kutunisha Misuli kwa Mashindano Ukiwa na Kazi na Familia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyeajiriwa kutwa nzima, mwenye watu wanaomtegemea nyumbani, na ambaye bado anataka kupanda jukwaani. Wanaolipwa kunyanyua vyuma wana utaratibu wao. Baadhi ya majibu yanatokana na tafiti, mengine ni msimamo wangu tu kama kocha, na tofauti utaiona.

Hivi inawezekana kweli, au haya ni mambo ya wasio na majukumu?

Inawezekana. Wengi mnaowaona kwenye mashindano ya ridhaa Jumamosi, Jumatatu wako kazini kama kawaida, rangi ya jukwaani, ile ya kuikoza ngozi, ikiwa bado imeganda kwenye viwiko. Hata huko juu mifano ipo. Ronnie Coleman alipotwaa Mr. Olympia, shindano kubwa kuliko yote la kutunisha misuli, kwa mara ya kwanza mwaka 1998 alikuwa askari polisi mjini Arlington, Texas. Frank Zane, bingwa wa 1977, 1978 na 1979, kitaaluma alikuwa mwalimu wa hesabu.

Watu hudhani kinachovuruga nyumba ni saa za jimu. Saa za jimu zinahesabika, ni 4 hadi 6 kwa wiki, na wapo wanaotumia zaidi ya hizo kutazama mpira bila mtu kulalamika. Ugomvi huletwa na mtu anayerudi kutoka jimu: ana njaa, kachoka, maongezi hayataki, na akili yake yote iko kwenye mlo unaofuata. Ndiyo maana karibu kila ushauri hapa chini unalenga kitu kimoja, kukufanya uendelee kuwa mtu wa kuishi naye mpaka siku ya mashindano, hata kama itabidi safari iwe ndefu zaidi.

Mazoezi ya saa ngapi kwa wiki yanatosha?

Siku 4, takriban saa moja kila siku. Seti ngumu (seti ni marudio kadhaa ya zoezi bila kupumzika) 10 hadi 20 kwa kila msuli kwa wiki zinawatosha watu wengi, na namna unavyozigawa katika siku haina uzito mkubwa mradi jumla ibaki ile ile. Dorian Yates, aliyeshinda Mr. Olympia mara 6 mfululizo kuanzia 1992, alisifika kwa kufanya mazoezi siku chache na kwa muda mfupi, ila kwa ukali ambao wengi wetu hatuuwezi.

Ukitaka kujua saa yako inapotelea wapi, mtazame mtu anayekaa jimu kwa saa 2. Nusu ya muda huo yuko kwenye simu au anasubiri mashine. Sasa chukua siku ya kifua na mgongo. Unapasha mwili moto dakika 5. Unafanya seti ya benchi, unapumzika dakika moja na nusu, unafanya seti ya kuvuta chuma kuelekea tumboni, unapumzika tena dakika moja na nusu, unarudi benchi. Kifua kinapata karibu dakika 4 za kupoa huku mgongo ukifanya kazi. Mizunguko 4 inakula kama dakika 18. Baada ya hapo unaunganisha benchi ya mwinuko na kujivuta juu kwenye bomba, mizunguko 3, dakika 13 au 14. Zinazobaki ni za mabega na mikono. Ndani ya dakika 50 umemaliza seti nyingi kuliko jirani yako aliyefika kabla yako na atakayeondoka baada yako.

Miguu usiiunganishe hivyo. Skwati nzito inadai dakika 3 kamili za kuvuta pumzi, na ukiharakisha utaishia kupunguza uzito kwenye chuma bila kujua kwa nini.

Asubuhi au jioni?

Asubuhi, kama ratiba yako inaruhusu. Mwili unaweza kuzoea saa yoyote, lakini jioni ina wadai wengi: kikao kilichorefuka, foleni, mtoto mwenye kazi ya shule, mgeni. Saa 11 alfajiri hakuna anayekutafuta. Sharti ni kwamba uwe umelala mapema, la sivyo umehamisha tatizo tu.

Ukilazimika kufanya jioni, angalia kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu. Kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua nusu mwilini, kwa hiyo dozi ya saa 12 jioni bado inakutafuna ukiwa kitandani.

Nikilala saa 5 tu kwa usiku ili mambo yote yaingie, nitapoteza nini?

Utapoteza misuli, ambayo ndiyo unayoihangaikia. Kuna utafiti mdogo wa 2010 uliofanyika Marekani kwa watu 10 wenye uzito uliozidi. Walikula kalori zile zile pungufu kwa wiki 2 wakipewa saa 8 na nusu za kulala, kisha wiki 2 nyingine wakipewa saa 5 na nusu. Kilo walizopungua zilikaribiana sana. Tofauti ilikuwa kwenye kilichopungua: waliolala vya kutosha walipoteza mafuta kilo 1.4, na walipobanwa usingizi mafuta yalishuka kilo 0.6 tu, sehemu kubwa ya kilichobaki ikatoka kwenye mwili usio na mafuta.

Ukiwa na mtoto mchanga anayeamka mara 4 usiku, usianze maandalizi, yaani wiki za kupunguza mafuta kabla ya mashindano. Fanya mazoezi, kula vizuri, ongeza nguvu, lakini jukwaa lisubiri. Hili silijadili sana na wanafunzi wangu.

Maandalizi yachukue wiki ngapi? Kocha mmoja kaniambia 12.

Kwa mtu asiye na kazi nyingine, 12 zinaweza kutosha. Kwa wewe, nenda 20 hadi 26.

Piga hesabu. Tuseme una kilo 90 na unakisia utapanda jukwaani ukiwa na 80. Kasi inayopendekezwa ya kushuka bila kula misuli ni asilimia 0.5 hadi 1 ya uzito kwa wiki. Ukienda na asilimia 1, unamaliza katika wiki 12, lakini kila siku unakula pungufu ya kalori karibu 1,000. Ukienda na nusu asilimia, zinakuwa wiki 24 au 25 na upungufu wa kalori kama 500 kwa siku. Kalori 500 unaweza kuzibeba na bado ukacheka mtoto anapokuhadithia kituko cha shuleni. Kalori 1,000, juu ya kazi ya saa 8 na safari ya kwenda na kurudi, ni wachache wanaozibeba bila kuwabebesha wengine.

Kuna faida nyingine ambayo haizungumzwi. Ratiba ya wiki 12 haina nafasi ya ajali. Mtoto akiugua wiki moja, msiba ukitokea, kazi ikikupeleka safari, tayari uko nyuma, na hapo ndipo mtu anapoanza kukata chakula kwa hasira na kuongeza kadio (mazoezi ya pumzi, kama kukimbia) usiku. Ratiba ya wiki 24 unaweza kuiwekea wiki 3 za akiba tangu mwanzo, ambazo unakula kawaida na uzito unasimama. Zikihitajika zipo. Zisipohitajika, umepumzika.

Haya yote yanategemea hukujaza mwili mafuta kupita kiasi msimu wa kujenga. Anayenenepa kilo 20 kwa jina la kujenga misuli anajichimbia shimo ambalo familia nzima itashiriki kulifukia.

Kwa nini wiki za mwisho nakuwa mkali, na hamu ya tendo la ndoa imekufa?

Kwa sababu mwili wako unaamini kuna njaa nchini, na hauna namna ya kujua kwamba umejiandikisha mwenyewe.

Mwaka 1944 na 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwafuatilia wanaume 36 waliojitolea kula karibu nusu ya chakula chao cha kawaida kwa wiki 24. Walikuwa vijana wenye afya na tabia njema. Wakageuka wenye hasira za ghafla, wakajitenga na wenzao, wakapoteza hamu ya mapenzi, na baadhi yao wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi. Mtu anayekaa saa 5 usiku akitazama video za keki akiwa wiki 4 kabla ya mashindano amfikirie mwenzake huyo wa 1945.

Ripoti moja ya 2013 ilimfuatilia mshindani asiyetumia dawa za kukuza misuli kwa mwaka mzima, miezi 6 kabla ya mashindano na 6 baada yake. Mafuta yake yalishuka kutoka karibu asilimia 15 hadi chini ya 5. Mapigo ya moyo akiwa amepumzika yalishuka kutoka 52 hadi 27 kwa dakika, na testosteroni, homoni ya kiume, ikabaki kama robo ya ilivyokuwa. Ukiwa na homoni za namna hiyo, huwezi kumridhisha mwenzi wako kwa kujitahidi tu. Mwambieni ukweli huo mapema ili asidhani amechukiza au kuna mtu mwingine.

Kwa upande wa hasira, ninachowaambia wanaume na wanawake ninaowaongoza ni kuweka maneno machache ya kawaida, kama "leo nina njaa mbaya, naomba nusu saa", na kuyatumia kabla ya kufoka. Halafu nusu saa ikiisha, rudi kweli. Maamuzi makubwa ya nyumbani, kama vile kuhama, kukopa au kumhamisha mtoto shule, yaahirisheni mpaka wiki ya tatu baada ya mashindano. Nimeona watu wakiacha kazi wiki 2 kabla ya jukwaa kwa sababu ambayo baada ya mlo mmoja wa kushiba haikuwa sababu tena.

Nimwambieje mume au mke wangu?

Kabla ya kulipa ada ya kujiandikisha. Ukishalipa, hiyo ni taarifa na hujamshirikisha. Mpe nafasi ya kusema hapana, na akisema hapana, uliza ni mwaka gani ungefaa.

Mwambie mambo kwa tarehe. Kitu kama hiki: "Mashindano ni mwishoni mwa mwezi wa 10. Naanza kupunguza chakula mwezi wa 5. Mpaka mwezi wa 8 hutaona tofauti kubwa. Mwezi wa 9 na wa 10 nitakuwa mchovu, nitalala mapema, na sitataka kwenda kwenye sherehe nyingi. Mwezi wa 11 nimemaliza, na mwaka unaofuata sishindani." Mtu anaweza kuvumilia miezi 2 akijua ni miwili. Kinachochosha ni maandalizi yasiyo na mwisho, ya yule ambaye kila akishuka jukwaani anatangaza jukwaa lingine.

Kisha ulizeni pamoja ni nini hakitaguswa. Kuna nyumba ambayo ni kumpeleka mtoto shule kila asubuhi, nyingine ni Jumapili nzima, nyingine ni chakula cha usiku mezani. Chagueni vichache na uvishike hadi wiki ya mwisho. Na jambo moja ambalo wanaume hasa hulipitia haraka: kupima, kupika na kufungasha milo yako ni kazi yako. Mwenzi akikusaidia kwa hiari, shukuru.

Ndiyo kusema napika vyakula viwili kila siku?

Hapana, na ukifanya hivyo hutadumu. Pika sufuria moja na utofautishe kwenye sahani. Nyama au maharage ya familia ni yale yale. Yako unayatoa kabla mafuta na mchuzi mzito havijaongezwa, unapima, unaongeza mboga nyingi. Wanga wako unaupunguza au kuuongeza kwa mizani. Pima vyakula vile vile kwa namna ile ile kila siku, ama vibichi ama vilivyoiva, maana wali ulioiva umebeba maji mengi, na ukichanganya vipimo hesabu yote inapotea.

Protini: gramu 1.6 hadi 2.2 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku zinatosha msimu wa kujenga. Ukiwa unapunguza, sogea kwenye ncha ya juu, kidogo zaidi ukiwa mkavu sana, yaani mafuta yamebaki machache mwilini. Milo 4 inatosha. Ile habari ya kula kila baada ya saa 2 la sivyo misuli itayeyuka haina msingi, na imewaharibia watu vikao vingi bila sababu.

Kaa mezani na wenzako hata kama sahani yako ni ndogo. Mzazi anayekula peke yake jikoni amesimama, kontena mkononi, uma ukigonga plastiki, anawafundisha watoto kitu ambacho hakukikusudia.

Watoto wanaponiona napima kila kitu na kujipima kila asubuhi, wanajifunza nini?

Inategemea unachosema ukishuka kwenye mizani. Wanachokariri ni sauti yako. "Nimenenepa jamani, nachukiza" ikisikika kila asubuhi kwa miezi 6 itamwingia binti wa miaka 9, na mvulana pia. Weka mizani chumbani, siyo sebuleni. Maneno kama chakula kibaya na chakula cha dhambi yaondoe kabisa mdomoni. Ukiulizwa kwa nini huli keki ya siku ya kuzaliwa, jibu lipo na ni la kweli: "Nina mashindano, ni kama mchezo wowote, mwezi ujao nitakula."

Wewe mwenyewe jichunguze. Kuna ugonjwa wa akili ambao mtu mwenye misuli mikubwa hujiona mdogo, anakwepa kuvua shati, anakosa kazi au msiba ili asikose mazoezi. Harrison Pope na wenzake waliueleza kwa kina mwaka 1997. Ukijiona humo, kocha siye unayemhitaji, mwone daktari au mshauri wa afya ya akili.

Kadio nitaipatia wapi muda?

Tembea. Hatua 8,000 hadi 12,000 kwa siku zinachoma nguvu ya kutosha kwa sehemu kubwa ya maandalizi, na karibu zote zinaweza kuingia ndani ya maisha uliyonayo: kushuka kituo kimoja kabla, kupokea simu za kazi ukiwa umesimama na kutembea, kumsukuma mtoto kwenye kigari, kuzunguka uwanja huku wao wakicheza. Mashine ya kukimbilia iache kwa wiki 6 za mwisho.

Hesabu hatua kwa sababu nyingine pia. Ukila kidogo, mwili hujibana bila kukuomba ruhusa. Unakaa zaidi, unanyanyuka kidogo, unamtuma mtoto maji uliyokuwa ukiyafuata mwenyewe. Kifaa cha kuhesabu hatua kitakuonyesha hilo kabla ya mizani.

Kazini niseme?

Mweleze msimamizi wako tu, na kwa kifupi. Omba likizo ya siku 3 au 4 kuzunguka mashindano mapema, na siku moja baada yake. Milo 2 ya kazini iwe ya kuliwa hata ikiwa baridi, isiyonuka. Samaki aliyepashwa moto kwenye ofisi iliyofungwa amevunja urafiki mwingi.

Kama kazi yako ni kuendesha gari, kupanda juu, kushika mashine ya kukata au kupima dawa za wagonjwa, lichukulie hili kwa uzito wake. Njaa ya muda mrefu pamoja na usingizi hafifu hupunguza umakini. Panga mashindano yako yaangukie wakati una likizo ya wiki 2, au chagua kutoshuka hadi ukavu wa mwisho kabisa. Majaji watakukata nafasi moja au mbili. Hasara nyingine unaijua.

Wa zamu za usiku: kazi inawezekana, ila shikilia saa moja ya kulala iliyo thabiti kadiri inavyowezekana, giza chumbani, na usijaribu kufanya mazoezi mazito siku ya kubadilisha zamu.

Mtoto kaugua, nimekosa jimu wiki nzima. Nimeharibu?

Hujaharibu. Misuli iliyojengwa kwa miaka haiondoki kwa wiki moja, na kuitunza kunadai kazi ndogo kuliko kuijenga. Theluthi moja ya seti zako za kawaida, kwa uzito ule ule, inaweza kuilinda kwa miezi. Kwa hiyo wiki mbaya ikija, fanya vipindi 2 vya dakika 35, mazoezi makubwa tu, basi. Usirudi wiki inayofuata ukitaka kufidia kwa kufanya mara mbili.

Mimi ni mama. Kuna tofauti gani?

Ipo ya kimwili na ipo ya kijamii. Ya kimwili: hedhi ikisimama, hiyo ni alama kwamba nguvu inayoingia haitoshi kuendesha mwili, na ikiendelea mifupa nayo inalipa. Kocha anayekwambia ni kawaida, usijali, mbadilishe. Unayenyonyesha usianze kupunguza mwili kwa ajili ya jukwaa. Baada ya kujifungua, sakafu ya nyonga na misuli ya tumbo vipewe muda na, ukiweza, mtaalamu wa tibamaungo avitazame kabla ya skwati nzito.

Ya kijamii unaijua kuliko mimi. Baba akienda jimu anaitwa mwenye nidhamu, mama akienda anaulizwa watoto kamwachia nani. Sina dawa ya hilo zaidi ya kusema kwamba mazungumzo ya tarehe niliyoyaeleza juu yanawahusu ndugu wa karibu wanaokaa nanyi pia.

Chagua daraja linaloendana na muda ulionao. Bikini, daraja la wanawake lililoingia Olympia mwaka 2010, haidai ukavu wa daraja la misuli mikubwa, na maandalizi yake yanaweza kuwa mepesi nyumbani. Kwa wanaume, daraja la Men's Physique hufanyika kwa kaptura ndefu, hivyo anayebanwa na muda anaweza kuweka nguvu nyingi zaidi kwenye sehemu ya juu ya mwili. Wanaopenda miguu watanisamehe.

Gharama nizipangeje bila kugusa ada za watoto?

Andika orodha kabla ya msimu: uanachama wa shirikisho, ada ya mashindano, vazi la jukwaani, rangi, kocha, usafiri, malazi, chakula cha ziada. Tenga kwa mwezi, na ikiwa mfuko haujafika nusu ya lengo miezi 4 kabla, sogeza mashindano. Kwenye virutubisho, kreatini gramu 3 hadi 5 kwa siku ina ushahidi mzuri na ni rahisi. Unga wa protini ni urahisi tu. Vingi vilivyobaki kwenye rafu ni rangi na harufu.

Na dawa za kukuza misuli? Nasikia bila hizo haiwezekani.

Bila hizo hutafanana na wanaozitumia, ni kweli. Ndiyo maana yapo mashirikisho yanayopima, nenda huko.

Mwenye familia ana sababu za ziada. Testosteroni ya nje huzima uzalishaji wa mbegu za kiume, na kurudi kwake kunaweza kuchukua miezi mingi. Jeli ya testosteroni inayopakwa kwenye ngozi inaweza kuhamia kwa mtoto unayembeba. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali liwekwe kwenye jeli hizo baada ya watoto kuonyesha dalili za kubalehe kabla ya wakati. Dawa za kukamua maji mwilini ndizo zinazoua haraka zaidi. Mohammed Benaziza, mmoja wa watunisha misuli bora wa kizazi chake, alifariki mwaka 1992 saa chache baada ya mashindano nchini Uholanzi, na dawa hizo zikatajwa kuwa chanzo. Alikuwa na umri wa miaka 30 na kitu.

Siku ya mashindano nije na familia yote?

Waje fainali, wasije asubuhi. Siku ya mashindano ni kusubiri: uzani, rangi, kusubiri, kupasha misuli dakika 10, jukwaani dakika chache, kusubiri tena. Mtoto wa miaka 5 hawezi, na wewe ukiwa na kiu na wasiwasi huwezi kumhudumia. Mkabidhi mtu mmoja jukumu la kuwaleta na chakula chao. Wakumbushe wasikukumbatie kabla ya kupanda, maana rangi inahamia kwenye kila kitu. Beba shuka la zamani la kutandika kwenye kiti cha gari na jingine la kitandani.

Baada ya mashindano nini hutokea?

Wengi hujiandaa kwa wiki 24 kupanda na hawana mpango hata wa siku 3 za kushuka. Njaa haiishi kwa sababu kombe limetolewa. Homoni za shibe bado ziko chini, na mtu anaweza kuongeza kilo 8 hadi 10 ndani ya wiki chache, nyingine za maji, nyingine siyo. Pamoja na uzito huja huzuni ambayo watu huona aibu kuisema, kwa sababu lengo lililokuwa likijaza kila saa limeondoka.

Kula mlo mkubwa na familia usiku ule, na wa pili kesho yake. Kisha rudi kwenye milo iliyopangwa, ukiongeza kalori mara moja karibu na kiwango cha kutunza uzito, na kubali kurudisha kilo 3 hadi 5 mwezi wa kwanza. Mwili unazidai. Mapigo ya moyo na testosteroni kwa kawaida hurudi ndani ya miezi michache, hamu ya mapenzi pia. Watu wa nyumbani waambie hivyo, wasitarajie mtu mpya Jumatatu.

Miezi 2 ya kwanza baada ya mashindano ndiyo ya kuchukua zamu zote ulizobebewa: usiku wa mtoto, vikao vya wazazi shuleni, ndugu wa kutembelewa. Jimu nenda mara 3 kwa wiki.

Basi nishindane kila baada ya muda gani?

Msimu mmoja kila baada ya miaka 2 au 3. Ndani ya msimu huo unaweza kupanda jukwaani mara 2 au 3, wiki chache zikitenganisha, kwa kuwa mwili tayari uko mkavu na gharama ya ziada nyumbani ni ndogo. Miaka ya katikati ndiyo inayojenga misuli utakayoionyesha, na katika miaka hiyo ratiba yako haina tofauti na ya mtu yeyote anayependa mazoezi: siku 4, saa moja, kisha nyumbani.